Msitu wa Kongo uko Bronx!

Ukitaka kuuona msitu wa Kongo bila viza ya Kinshasa, panda treni namba 2 pale New York, shuka Bronx. Usicheke, msomaji wangu. Ndani ya bustani yao ya wanyama kuna kipande cha ekari 6 na nusu kiitwacho Congo Gorilla Forest. Kilifunguliwa mwaka 1999 na kilikula dola milioni 43. Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka sita, na kusema kweli jamaa wamefanya kazi.

Kwanza, nondo huzioni. Unapita ndani ya gogo kubwa lililoanguka, ukungu unapulizwa kwa mashine, mbega anakuchungulia kutoka juu. Kuna miti ya bandia yenye mifupa ya chuma, lakini mpaka uiguse ndio unashtuka. Okapi naye, miguu milia tupu, kasimama zake anatafuna majani. Kwao Ituri huyo, ambako ukiuliza njia kwa Kiswahili unajibiwa. Kidogo nimwamkie!

Halafu wanakuingiza kwenye sinema. Filamu ikiisha pazia linafunguka, na nyuma ya kioo ni gorila wenyewe, hai. Ukumbi mzima kimya. Vioo vinashuka mpaka chini, kwa hiyo mtoto na bibi aliye kwenye kiti cha magurudumu wote wanaona, hakuna kubebana mabegani. Mbele kidogo unaingia kwenye njia ya vioo inayokatiza makazi yao. Gorila wako nje kwenye majani, wewe ndiye uliye kwenye boksi.

Ubunifu huo una faida. Zamani kiingilio cha msitu huu kilikwenda kuhifadhi misitu ya Afrika ya Kati, na mgeni alichagua mwenyewe mradi wa kuupa pesa yake. Miaka 10 ya kwanza zilipatikana zaidi ya dola milioni 10. Poa kabisa.

Lakini mimi pale kwenye kioo nilimkumbuka Ota Benga. Huyo alikuwa kijana wa Kongo, Mmbuti. Septemba 1906, bustani hiihii ilimweka kwenye nyumba ya nyani pamoja na orangutani, watu wakaja kwa maelfu kumcheka. Wachungaji weusi wa New York walicharuka mpaka akatolewa. Kongo hakurudi tena. Mwaka 1916 alijipiga risasi huko Virginia. Wenye bustani waliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baadaye!

Ningekuwa mimi mchoraji wa msitu ule, njia ya kuingilia ingeanzia kwenye nyumba hiyo. Watoto nao wapite, waelezwe kwa lugha yao. Wanaopanga maonyesho wanaogopa kuharibia watu Jumapili. Mbona mpwa wangu alisikiliza yote, akauliza kama Ota Benga alikuwa na mama, ndipo akadai aiskrimu.