Mama Niliyemfuta Kitabuni

Kosa langu lina kurasa 96 na jalada jekundu. Jina langu halimo. Maneno yote ni yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2015, hapa Kinondoni. Idris Sultan alikuwa ametoka kushinda shindano la runinga la Big Brother Africa, Desemba 2014, akarudi na dola 300,000, zaidi ya shilingi milioni 500 kwa thamani ya wakati ule. Kabla yake Mwisho Mwampamba alituwakilisha 2003, na Richard Bezuidenhout akashinda dola 100,000 mwaka 2007. Vijiweni, kuanzia Mkwajuni hadi kwa Manyanya, kijana yeyote aliyewahi kuonekana kwenye runinga alitazamwa kama mtu anayejua njia ambayo sisi hatuijui. Mteja wangu hakuwa mmoja wa hao watatu. Alishiriki shindano la hapa nyumbani, akatolewa mapema, ila watu walikuwa bado wanaikumbuka sura yake, naye alitaka kitabu cha mafanikio cha kuuza kabla hawajaisahau.

Mimi nilikuwa nachapa na kusahihisha risala, wasifu na barua za watu kwenye duka la steshenari. Tukakubaliana laki nane. Alinipa mazungumzo ya saa mbili, nikayarekodi kwa simu. Saa mbili hazijazi kurasa 96, kwa hiyo nilichota mawazo kwenye vitabu vya kuhamasisha wanavyotembeza vijana kwenye mataa ya Morocco, nikaongeza ya kwangu, nikamtia yote mdomoni.

Sura ya nne niliiita "Funga Mlango wa Nyuma". Ilimwambia msomaji auze kile anachokiegemea, aache kazi ndogo inayomlisha, aiendee ndoto yake akiwa hana pa kurudi.

Mteja wangu hakufanya hivyo. Mimi pia sikufanya. Kwenye rekodi alisema bila kuficha kwamba miaka mitatu ya kuhangaika na muziki alilala chumba cha uani kwa mama yake, na mama ndiye aliyemlisha kwa kodi ya wapangaji. Nilimsikia. Nilimwandika mama huyo, aya nzima. Kisha nikamfuta, kwa sababu niliona anapunguza makali ya hadithi. Nilijiambia kwamba shujaa anayekula kwa mama hauzi kitabu. Mteja aliporudishiwa kazi hakuuliza, nami sikumkumbusha.

Katikati ya 2016, nikiwa nimehamia Mwananyamala, nilipeleka suruali ikapunguzwe kwa dada mmoja fundi cherehani, jirani yangu. Barazani kwake siku zote kulikuwa na cherehani mbili. Siku ile kulikuwa na moja. Nikamuuliza kama ile nyingine imeharibika.

"Niliuza, kaka. Niliufunga mlango wa nyuma."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanyoosha mkono chini ya vitambaa, akatoa kitabu chenye jalada jekundu lililokunjika pembe, akafungua ukurasa wa 41. Mistari mitatu ilikuwa imepigiwa chaki ya bluu, ile ya kuchorea nguo, na vumbi lake lilikuwa limehamia ukurasa wa mkabala. Akanisomea: "Bibi yangu alikuwa akisema, anayeogopa umande hafiki shambani."

Bibi huyo ni wangu. Aliishi Muheza, na maneno hayo aliyasema kutuamsha saa kumi na moja alfajiri twende tukapalilie mihogo. Hakuwahi kumwambia mtu auze jembe.

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Mpaka siku ile kitabu kilikuwa kazi iliyokwisha na pesa iliyokwisha kuliwa. Sikuwahi kumfikiria mtu amekaa usiku, baada ya kushona, akitafuta mstari wa kuupigia chaki.

Dada alikuwa na oda ya sare za shule moja ya msingi. Haikuwa na faida kubwa, lakini ilikuja kila Januari. Aliiacha. Akauza cherehani mpya, akaongeza akiba yake ya kikoba, akapanga fremu ya shilingi 150,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, akajaza magauni ya Kariakoo. Kodi ya miezi sita ilipoisha hakuwa na ya kuendelea. Sare zilikuwa zimeshachukuliwa na fundi mwingine.

Siku ile nililipa, nikachukua suruali yangu, nikaondoka kimya. Hilo ni kosa la pili.

Wiki mbili zilipita. Ilikuwa Julai, na jarida la The New Yorker lilikuwa limechapisha mazungumzo na Tony Schwartz, mwandishi wa The Art of the Deal, kitabu cha 1987 kinachosimuliwa kwa sauti ya Donald Trump. Schwartz alieleza majuto yake: alimpamba mtu huyo kuliko alivyomjua. Nikaendelea kusoma habari za Trump. Mwaka 2004 Trump alianza kuongoza kipindi cha The Apprentice, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chenye jina lake, How to Get Rich. Novemba ya mwaka huohuo kampuni yake ya kasino iliomba mahakamani ulinzi wa mufilisi. Kwenye runinga alibaki mtu anayejua kila kitu kuhusu pesa. Aliyepungukiwa ni msomaji, na Schwartz alijua kwamba anapamba. Nilijiona humo.

Nikaenda kwa dada na simu yangu. Nikamwambia kwamba kitabu kile nilikiandika mimi, kisha nikamsikilizisha rekodi ya mteja wangu hadi mwisho.

"Kwa hiyo yeye alikuwa anakula kwa mama yake?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Nilimpa ile laki nane kwa awamu, ikachukua miezi kumi na moja. Akanunua cherehani kuukuu. Oda ya sare haikurudi. Tunasalimiana. Suruali zangu nazipeleka kwingine, kwa sababu aliniambia ni afadhali iwe hivyo.

Si lazima uwe mwandishi ili ulirudie kosa langu. Utalirudia siku utakayomsimulia mdogo wako ulivyoingia mjini ukaanza maisha, ukamruka mjomba aliyekupokea Ubungo na kukuweka miezi minane. Mdogo wako atapanda basi akiamini kwamba ulikuja mikono mitupu. Na ukishika kitabu cha mtu maarufu, kisome, ila kila sura iulize swali moja: wakati huo alikuwa anakula wapi?

Nilipokuwa naandika kitabu kile, mimi nilikuwa nakula kwa dada yangu, Kinondoni Studio. Hilo nalo sikuliandika popote hadi leo.