Skafu ya Mtu wa Theluji

Wenzangu wa bwenini walinicheka waliposikia kwamba nataka kuandika juu ya kitabu cha watoto wadogo, tena kitabu kisicho na maneno ndani yake. Na wacheke. Kitabu hicho kilinitia katika uongo, na sinema iliyotokana nacho ndiyo iliyoniumbua.

Chaitwa The Snowman, kazi ya Mwingereza Raymond Briggs, nacho kilitolewa mwaka 1978. Ni picha tupu, zimechorwa kwa penseli za rangi toka mwanzo hata mwisho. Mtoto mmoja aamka, aona theluji imeanguka, atoka nje na kufinyanga mtu wa theluji, kisha amvika kofia na skafu. Usiku yule mtu apata uhai. Mtoto amkaribisha ndani, amwonyesha taa, bomba la maji na jiko (mgeni kama huyo kwa vyo vyote lazima aogope jiko), hata wanyemelea chumbani mwa wazazi waliolala na kujaribu nguo zao. Halafu mgeni amshika mkono, waruka pamoja angani mpaka pwani ya Brighton, kisha warudi. Kulipokucha mtoto akimbilia nje, na tazama, pamebaki kofia, skafu na kilima kidogo cha theluji. Kitabu kimekwisha.

Briggs alifariki Agosti 2022. Mwalimu wetu mmoja alitupa habari hiyo darasani, na likizo ya Desemba akaniazima kitabu chake nikamsomee mdogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitano. Nasema “nimsomee”, lakini nisome nini? Faida ya kitabu cha namna hii ni kwamba hakina lugha, na kwa hiyo hukubali lugha yo yote. Sisi tulikisoma kwa Kikonzo na Kiswahili vikichanganyika, nami nalijisifu moyoni kuwa msimulizi hodari.

Theluji haikuhitaji maelezo mengi. Kwetu ni upande wa Kasese, na mawingu yakifunguka asubuhi huonekana weupe juu ya Ruwenzori. Sisi Wakonzo tunaiita nzururu. Babu yetu alikuwa na desturi ya kutuonyesha kwa fimbo yake, akisema kwamba alipokuwa kijana weupe ule ulikuwa mpana kuliko sasa. Hakusema uongo. Mwaka 1906 barafu ya milima ile ilitandaa zaidi ya kilometa 6 za mraba. Mwaka 2003 haikutimia hata moja.

Basi tulipofika picha ya mwisho, mtoto amesimama peke yake mbele ya kilima kile, mdogo wangu akauliza, “Kaka, amekwenda wapi?”

Kitabu hakisemi. Ningeweza kunyamaza kama kitabu. Walakini kulikuwa usiku, nami nalitaka alale, nikamwambia, “Amepanda Nzururu, kwa ndugu zake.” Akaridhika, akalala.

Aprili 2023 babu akafa. Siku ya tatu baada ya mazishi mdogo wangu alikuwa amekaa nje toka alfajiri, ameelekeza uso mlimani. Mama alipomwita kunywa uji akajibu kwamba anangoja mawingu yafunguke amwone babu. Mama akauliza ni nani aliyemwambia maneno hayo. Mimi nalikuwa nikifunga kamba za viatu, na kamba zile zilichukua muda mrefu sana kufungika.

Sinema tuliiona Desemba ya mwaka ule, kwa kompyuta ya mjomba. Ni ya michoro, yapata dakika 26, iliongozwa na mama mmoja, Dianne Jackson, na ilionyeshwa mara ya kwanza katika televisheni ya Channel 4 ya Uingereza tarehe 26 Desemba 1982. Nayo haina mazungumzo, ila muziki wa Howard Blake na wimbo mmoja wanaporuka. Kitabuni kuruka ni picha chache tu. Hapa tumbo lako lapanda pamoja nao, na mashamba yapita chini. Katika jambo hilo nakiri kwamba sinema imekishinda kitabu.

Lakini watengenezaji wameongeza mambo. Wametia safari ya pikipiki, na Krismasi, ambayo Briggs hakuitia kabisa. Wametia Baba Krismasi huko kaskazini, naye ampa mtoto skafu. Asubuhi mtu wa theluji ameyeyuka kama kitabuni, lakini mtoto atia mkono mfukoni na kuikuta skafu ile. Kumbe haikuwa ndoto!

Nilikasirika. Briggs alifiwa na baba na mama mwaka 1971, na mkewe mwaka 1973, akachora kitabu ambacho rafiki ayeyuka na hakuna wa kukufuta machozi. Alijua alichokuwa akifanya. Nikamwambia mjomba, “Watu hawa waongo. Wameogopa watoto watalia.”

Mdogo wangu akanigeukia. “Na wewe ulisema amepanda Nzururu. Mbona hawakumwonyesha akipanda?”

Mjomba akacheka. Mimi sikucheka, maana nalikuwa nimefanya lile lile nililowashitakia wenzangu, tena vibaya zaidi. Skafu ile haisemi kwamba mtu wa theluji yu hai mahali fulani. Yasema tu kwamba alikuwako, na kwamba usiku ule walikuwa pamoja. Naye mtoto, skafu i mkononi, bado amepiga magoti mbele ya theluji iliyoyeyuka. Mimi nalimwambia mtoto wa miaka mitano kwamba aliyekwenda yuko juu pale, angoje tu mawingu yafunguke. Naye alingoja.

Mjomba alipotoka nikamwambia, “Sikiliza. Babu hayuko Nzururu. Nalikudanganya.”

“Najua,” akasema. “Nilikwisha kumwuliza mama.” Kisha akaniomba nirudishe sinema nyuma, aione tena ile pikipiki.