Gerezani, mahali gari kuukuu linapoulizwa rangi yake

Anayeshuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, jijini Dar es Salaam, huwasikia mafundi kabla hajawaona. Nyundo zinagonga bati, kompresa zinanguruma, msasa unakwaruza, na harufu ya thina inatangulia ile ya chapati za mama lishe.

Asubuhi moja mwalimu mstaafu alifika hapo na mwanawe, gari lao likivutwa kwa kamba. Ni Toyota Corolla ya miaka ya 1980, mali ya marehemu mumewe, iliyokaa miaka chini ya mwembe Tabata. Lilikuwa jekundu, lakini halikuzaliwa jekundu. Baada ya ajali ndogo, fundi wa wakati huo alilipiga rangi aliyokuwa nayo.

Mama alitaka lirudi kama siku lilipoingia nyumbani mara ya kwanza. Kikwazo kilikuwa kumbukumbu. Yeye alisema lilikuwa bluu iliyopoa. Kijana alikumbuka bluu iliyoiva. Picha pekee ya familia ilikuwa imefifia hadi gari likaonekana la kijivu.

"Shikamoo, mama," fundi rangi alisema huku akifuta mikono.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kutafuta rangi ya baba yao."

Fundi aliomba kadi ya gari. Kwenye sehemu ya rangi palisomeka bluu, basi. Akatabasamu. "Hii inamtosha trafiki, mama. Mimi hainitoshi. Bluu ziko nyingi."

Akafungua boneti. Kwenye Toyota nyingi za umri huo, kibati kidogo hupigwa ribiti kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Magari mengine hukiweka kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Juu yake kuna aina ya gari na namba ya chesisi, na karibu na neno COLOR, au herufi C/TR, kuna tarakimu au herufi za rangi, zikifuatwa na namba ya mapambo ya ndani. Hizo za mwanzo ndizo anazohitaji mchanganya rangi. Wazoefu wana baadhi kichwani: kwa Toyota, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi.

Kibati cha gari hili kilikuwa kimepakwa nyekundu pamoja na bodi. Fundi hakukikwangua, maana bisibisi ingeweza kuondoka na maandishi. Alilowesha kitambaa kwa thina, akasugua polepole. Nyekundu ikaachia, na tarakimu 3 zikajitokeza.

Hata hivyo, alitaka shahidi wa pili. Akainua zulia la buti, kisha akavuta mpira wa mlango. Sehemu hizo hazipigwi jua, na mara nyingi mafundi wa haraka huziruka. Chini ya mpira palikuwa na utepe wa bluu, mwembamba kama kidole.

Duka la rangi halikuwa mbali. Namba ilitoa kanuni ya mchanganyiko, na kila rangi ikapimwa kwa gramu kwenye mizani. Matone machache ya ziada hugeuza kazi nzima. Fundi akapuliza kwenye kipande cha bati, akasubiri kikauke kwa sababu rangi mbichi hudanganya, kisha akakitoa juani. Taa ya dukani nayo hudanganya.

Mama alikitazama akatikisa kichwa. "Siyo hii. Letu lilikuwa limepoa."

Fundi hakubishana. Alikiweka kile kipande kando ya utepe wa mlangoni. Vikafanana.

Kumbe wote wawili walikumbuka vizuri. Kijana alikuwa mdogo gari lilipokuwa jipya kwao. Mama alilikumbuka baada ya miaka ya jua la Dar es Salaam. Namba ya kiwandani hurudisha rangi ya siku ya kwanza, si ile iliyopauka. Ndiyo maana anayepiga mlango mmoja tu hufuata rangi iliyopo kwenye bodi, la sivyo mlango utaonekana wa kuazima. Anayepiga gari zima anaweza kuchagua.

"Naweza kuipoza kidogo," fundi alisema. "Uamuzi ni wako, mama."

Kijana alinyamaza. Mama aligusa ule utepe, akakumbuka Jumamosi, ndoo na kitambaa, mumewe akiosha gari hata kama halikutoka wiki nzima.

"Alikuwa anapigana na jua," alisema. "Piga ya kibati."

Kabla ya kuondoka, kijana aliinakili namba nyuma ya picha iliyofifia. Fundi naye alikifunika kibati kwa gundi ya karatasi, asije akakizika tena.