Kadi Ambayo Haikupotea

Akina mama wenzetu, habari hii tumekaa nayo muda mrefu kabla ya kuiandika, kwa sababu ina aibu ndani yake. Tumeamua kuieleza kwa kuwa tunajua hatuko peke yetu. Katika nyumba nyingi za watumishi huku kwetu Lulindi, na bila shaka huko kwenu pia, kadi ya benki ya mama au ya baba haimo mkobani wala kabatini. Iko kwa mtu mwingine. Na mwenyewe akiulizwa hujibu kwa upole, "Imepotea."

Tunaposema "sisi" tuna maana ya mume na mke, wazazi wa watoto watatu. Mmoja wetu ni muuguzi katika zahanati, mwingine analima korosho. Kadi ilikuwa ya mama, lakini uamuzi tuliufanya wawili usiku mmoja mezani, na kwa hiyo hakuna anayeweza kumnyooshea mwenzake kidole.

Mambo yalianza mwaka 2021. Binti yetu wa kwanza alipata nafasi katika chuo cha afya. Tulifurahi mno, tukachinja kuku, majirani wakaja kutupongeza. Walipoondoka tukaisoma tena ile karatasi ya maelekezo, safari hii upande wa malipo: ada, malazi, sare, vitabu. Furaha ikapungua.

Mshahara wa muuguzi ulikuwa tayari unakatwa mkopo wa benki tulioezekea nyumba. Wenye ajira ya serikali mnafahamu kwamba makato hayaruhusiwi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Sisi tulikuwa tumeshafika hapo, hivyo benki isingeweza kutuongezea. Tegemeo letu likawa korosho, ambazo minada yake huanza mwezi wa Oktoba. Lakini mwaka ule tulichelewa kupata fedha za salfa, ubwiri unga ukayavamia maua ya mikorosho yetu, na mavuno yakawa machache kuliko miaka yote tunayoikumbuka.

Ndipo tukaenda kwa bwana mmoja anayekopesha. Hakuuliza maswali mengi. Alitupa Sh. 600,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana aliyoitaka haikuwa shamba wala baiskeli. Alitaka kadi ya benki na namba yake ya siri. Tukaitoa kadi, na zile tarakimu nne tukaziandika kwenye kipande cha karatasi. Binti akaenda chuoni. Hatukumwambia fedha zimetoka wapi.

Hebu tufanye hesabu pamoja, kwa sababu sisi hatukuifanya kwa wakati wake. Asilimia 30 ya Sh. 600,000 ni Sh. 180,000. Baada ya makato ya benki, mshahara uliobaki ulikuwa kama Sh. 350,000. Kila mwisho wa mwezi yule bwana alikwenda Masasi mjini na kadi yetu, akatoa fedha zote, akachukua Sh. 180,000 zake na kutuletea Sh. 170,000. Hiyo ilikuwa riba tu, deni lenyewe halikuguswa. Kuanzia Novemba hadi Machi tulilipa Sh. 900,000, na bado tulikuwa tunadaiwa Sh. 600,000 zilezile.

Kilichotuumiza zaidi ni ujumbe wa simu. Mama yuko uani anaosha vyombo, simu inalia, benki inamwarifu kwamba ametoa fedha Masasi. Alikuwa hajatoka nyumbani siku hiyo. Tulizoea kuutazama ule ujumbe, kisha tunaifunika simu ili watoto wasione.

Mama huyohuyo ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani. Ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwake. Tunakiri kwamba zaidi ya mara moja tulikaa kimya tukiliangalia lile sanduku, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Mungu alituzuia. Lakini tulielewa siku zile jinsi mtu mwema anavyoweza kuwa mwizi bila kukusudia kuanza.

Aprili 2022 mtumishi mwenzetu mmoja alitupa ushauri. Alisema, "Dada, unateseka bure. Nenda polisi ukaseme kadi imepotea. Upate taarifa ya upotevu, upeleke benki, waifunge ile ya zamani wakupe mpya. Yeye atabaki na kipande cha plastiki." Alisema wengi wamefanya hivyo. Kwa kweli tuliona kama dirisha limefunguliwa.

Tukapanda gari la alfajiri kwenda Masasi. Njiani tulipanga maneno: ilidondoka sokoni, siku ya Jumamosi, ilikuwa ndani ya pochi nyekundu. Tulifika kituoni, tukasalimia, tukaeleza shida. Askari alikuwa kijana mpole, akachukua kalamu. "Poleni, wazazi wangu. Ilipotelea wapi?"

Hakuna aliyejibu. Baba alimtazama mama, mama akatazama sakafu. Katika zahanati mama huwauliza wagonjwa kila siku: umeanza lini, umekunywa dawa gani, nani amekupa? Na anajua kwamba mgonjwa anayedanganya hupewa dawa ya ugonjwa ambao hana. Sasa alikuwa mbele ya kijana wa rika la mtoto wake, na swali ni lake. Tukasema, "Tutarudi, afande," tukatoka.

Tulikaa chini ya mwembe tukala maandazi bila hamu. Baba ndiye aliyesema kwanza. Alisema kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai, lakini hilo silo lililomfunga mdomo. Lililomfunga ni kwamba yule bwana, hata kama riba yake ni kali, fedha alitupa kweli, na binti yetu anazisomea. "Tukisema imepotea," alisema, "tunamwibia mtu aliyetuibia. Tutakuwa tumelipa nini?"

Tukaenda benki mikono mitupu. Tulimweleza binti aliyekuwa dirishani kila kitu, kwa sauti ya chini ili waliokuwa foleni wasisikie. Tulitegemea karipio. Badala yake akatuvutia viti. "Mama," alisema, "hukuhitaji uongo wowote. Kadi yako iko mikononi mwa mtu mwingine na namba yako ya siri anaijua. Hiyo peke yake ni sababu ya kuifunga sasa hivi."

Akatueleza mambo ambayo tungependa kila mama ayajue. Kadi ni mali ya benki. Mteja amepewa aitumie yeye, hana ruhusa ya kuiweka rehani. Kadi ikipotea, ikiibiwa au ikikaa kwa mtu mwingine, usingoje hata saa moja: ipigie benki simu waifunge, kwa hiyo namba ya benki iandike nyumbani mahali pengine mbali na kadi. Kisha nenda tawini na kitambulisho chako, ujaze fomu na kulipia kadi mpya. Kama imeibiwa kweli, ripoti polisi. Kadi iliyovunjika au kuchubuka hubadilishwa vivyo hivyo. Kila benki ina utaratibu na gharama zake, na ni vizuri kuuliza kabla ya kupanda gari. Ukiwa unangoja kadi mpya, fedha zako hazijafungwa. Unaweza kuzitoa dirishani kwa kitambulisho. Namba mpya ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala isiandikwe popote. Na mtu yeyote akikupigia simu akidai ni wa benki na kukuuliza namba hiyo, kata simu, maana benki haimwulizi mteja namba yake ya siri.

Mwisho akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Kadi tumeifunga, mama, lakini deni halijafungwa. Hilo mnalijua wenyewe."

Tulilijua. Jioni ileile, kabla yule bwana hajakwenda mashine na kukataliwa, tulimwendea nyumbani kwake pamoja na mzee mmoja wa kanisa na mwenyekiti wa kijiji. Tukamwambia kadi imefungwa, na kwamba hatukuja kukimbia deni. Alikasirika. Akasema, "Mimi sikuwafuata nyumbani kwenu. Ninyi ndio mlikuja hapa." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, nasi tukamkubalia. Mwenyekiti akamwuliza kwa utulivu kama ana leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji binafsi awe nayo. Hapo sauti ikashuka. Tukakubaliana kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwamba tutalipa zile Sh. 600,000 kwa mikupuo minne ya Sh. 150,000, bila riba nyingine.

Kisha akaingia ndani kutuletea kadi yetu. Alirudi na furushi dogo la kadi lililofungwa kwa mpira, akaanza kuzipekua moja moja kama mtu anayetafuta karata. Hatukukusudia kuangalia, lakini majina yaliandikwa wazi. Tuliona jina la mwalimu. Tuliona la mstaafu ambaye tunakaa naye kanisani benchi moja. Tuliona pia la mama mmoja wa kikundi chetu, mchangamfu kuliko sisi sote, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amechangia rambirambi kupita kila mtu. Hatukusema neno. Tulipokea kadi yetu iliyokufa, tukaikata vipande kwa mkasi tulipofika nyumbani.

Kadi mpya ilikuja baada ya wiki mbili. Mkupuo wa mwisho tuliulipa Agosti 2022. Lakini tusiwadanganye kwamba yote yaliisha vizuri. Kulipa deni lile kulikula fedha za muhula wa pili, na binti yetu akarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Tulimketisha tukamweleza ukweli wote. Alilia, si kwa ajili ya chuo. Alisema, "Kwa nini hamkuniambia tangu mwanzo? Ningengoja mwaka mmoja. Sasa nimengoja, na ninyi mmeumia." Hatukuwa na jibu. Alirudi chuoni mwaka uliofuata, akamaliza nyuma ya wenzake. Ni muuguzi sasa kama mama yake.

Kuhusu yale majina, tulijiuliza sana. Kumwendea mtu na kumwambia "tumeona kadi yako" ni kumvua nguo. Kwa hiyo mama alifanya jambo jingine. Katika mkutano wa kikundi aliweka ufunguo wa sanduku mezani, akaeleza habari yake mwenyewe kama tulivyoieleza hapa, na kuwaambia kwamba wakiona hafai kuwa mweka hazina wamchague mwingine. Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha mama mmoja akasema, "Yangu pia iko huko." Halafu mwingine. Siku ile walikuwa wanne.

Ufunguo hawakuuchukua. Walikubaliana kwamba sehemu ya hisa za kila mwezi itengwe kuwa mfuko wa dharura, na mama mwenye shida ya ada au ugonjwa akope humo kwanza, kwa riba ndogo inayorudi kwenye kikundi. Mfuko si mkubwa. Haukuweza kuwakomboa wote wanne kwa mara moja. Walikwenda mmoja mmoja, kila mara wakisindikizwa na wenzao wawili. Aliyekuwa wa mwisho alingoja mwaka mzima.

Mama mwenzetu, kama kadi yako imepotea kweli, usihangaike. Tumekwisha kukuonyesha la kufanya, na katika muda mfupi utakuwa na nyingine. Lakini kama unajua iliko, anza nyumbani. Zungumza na mwenzako usiku huu watoto wakishalala. Nendeni benki pamoja mkaseme ukweli. Mkopeshaji naye mwendeeni na shahidi, na hesabu mkononi. Aibu mnayoiogopa ni ya siku moja. Sisi tuliiogopa miezi sita, na kila mwezi ilitugharimu Sh. 180,000.