Maua ya Dirishani, Wakati wa Baridi na Wakati wa Kiangazi

Mwezi huu sitaandika juu ya mahari wala juu ya watoto wanaoacha masomo kwa kufuata dhahabu. Nataka tuongee maua, tena maua ya kuweka ndani ya nyumba. Najua wengine mtacheka. Mtu wa Misisi aliyepanga chumba kimoja cha mbao na turubai atauliza: maua na mimi, wapi na wapi? Soma kwanza, utacheka ukimaliza.

Wengi wetu hapa Fizi tuna ndugu waliovuka ziwa wakati wa vita vya 1996 na vya 1998, wakakaa kambini Nyarugusu, upande wa Kigoma, na baada ya miaka mingi wakapelekwa nchi za baridi. Mdogo wangu ni mmoja wao. Yeye na watoto wake walifika Chicago, Marekani, mwezi wa 11 mwaka 2016. Wewe unayeishi Baraka umezoea mchana wa saa 12, mwaka mzima, hauongezeki wala haupunguki sana. Kule mwezi wa 12 mchana ni saa 9 tu, na hata hizo 9 mara nyingi ni wingu tupu. Alinipigia simu akasema: “Yaya, huku miti yote imekufa.” Haikufa, iliangusha majani tu mpaka baridi ipite, lakini ataijuaje mtu aliyezaliwa kando ya ziwa? Baadaye akaacha kupiga. Nikimpigia mimi anajibu ndiyo, hapana, basi. Mama yetu akawa halali usiku. Alisema mtoto wake yuko hai lakini sauti yake imekwisha kuzikwa.

Kisha mama mzee mmoja wa kanisa la kule alimtembelea, akamletea kopo dogo lenye ua. Majani yake mazito, yana manyoya laini kama sikio la mwana-mbuzi, na maua yake ni ya zambarau yenye jicho la njano. Mdogo wangu akanitumia picha na kuuliza: “Yaya, wewe unapambaga kanisa. Hili ninalifanyia nini lisife?” Lilikuwa swali la kwanza kunipa tangu miezi miwili.

Nikaulizauliza kwa wanaojua, nikasoma. Kumbe ua lile si la wazungu hata kidogo. Kwao ni misitu ya milimani ya Tanzania na sehemu ya Kenya, hasa milima ya Usambara karibu na Tanga. Linaota juu ya mawe yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Wakati wa Wajerumani, mtawala wa huko aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwa baba yake Ulaya, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover, akaliandika kwa jina la Saintpaulia. (Mtawala huyo ndiye pia aliyetunga kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, kilichotoka 1890. Basi, alichukua ua na lugha pamoja.) Bila shaka watu wa Usambara walikuwa wakiliona kila siku walipokwenda kutafuta kuni, lakini jina lililoshika ni la mgeni. Leo huko Ulaya na Marekani wanaliita urujuani wa Afrika, linauzwa kwa rangi nyingi na kuwekwa dirishani wakati wa baridi, na huku msituni kwake linapungua kwa sababu miti inakatwa.

Nilipomweleza mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Kumbe na lenyewe ni mkimbizi!” Akacheka. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, akaninyang'anya simu apate kusikia hicho kicheko.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ua la ndani unalitunza kwa kukumbuka kwao. Hili limetoka kivulini penye unyevu, kwa hiyo linataka mwanga mwingi lakini halitaki jua kali la moja kwa moja. Wakati wa baridi jua la kule linapita chini upande wa kusini, na mwanga wake ni mdogo, ndiyo maana dirisha la kusini ndilo linalofaa. Usiku kioo kinakuwa cha baridi sana, basi kopo lisogezwe mbali nacho. Na maji! Maua ya ndani yanayokufa kwa maji mengi ni mengi kuliko yanayokufa kwa kiu. Wakati wa mwanga mdogo mmea hunywa kidogo. Chovya kidole kwenye udongo, ukikuta juu pamekauka ndipo unamwagilia. Maji yasiwe ya baridi, na yasidondoke juu ya majani, yatatia madoa. Afadhali weka kopo ndani ya sahani yenye maji, ngoja nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Mashine zinazopasha nyumba joto hukausha hewa, na ua la msituni halipendi hewa kavu. Dawa yake ni sahani pana yenye changarawe na maji kidogo, kopo likae juu ya changarawe bila kugusa maji. Kila juma zungusha kopo kidogo ili upande mmoja usinenepe peke yake, na maua yaliyonyauka uyatoe. Hayo tu.

Sisi huku hatuna theluji, lakini tuna kiangazi. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 nyasi zinageuka njano, vumbi la barabara linaingia hata kwenye sufuria, na maua ya lupango yote yanakauka. Ni wakati huo ninahamishia yangu ndani. Ninayofuga mimi ni lile ua la rangi ya waridi, nyekundu ao nyeupe, ambalo tumba lake likiiva ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu. Watoto wanalipenda kwa mchezo huo. Nalo lina historia: mwaka 1882 Joseph Hooker, wa bustani ya Kew kule Uingereza, alilipa jina la Sultani wa Unguja, kwa kuwa lilipelekwa kutoka Unguja na balozi John Kirk. Maua yetu yanatembea kuliko sisi.

Hili kuliotesha ni rahisi. Kata kijiti chenye majani machache, kiweke ndani ya glasi ya maji, baada ya siku chache mizizi itatoka, kisha panda. Anza mwezi wa 4, mvua ingalipo, ili kiangazi kikifika mmea uwe umekwisha kushika. Mkebe wa maziwa ya unga unatosha, lakini toboa matundu chini kwa msumari uliopashwa moto. Udongo uchukue chini ya mwembe, uchanganye na mchanga kidogo na mavi ya mbuzi yaliyooza vizuri, yasiwe mabichi. Katika kiangazi jua letu linasogea upande wa kaskazini, basi dirisha la upande huo ao la mashariki ndilo zuri. Usiuweke mkebe karibu na mabati. Saa ya adhuhuri mabati yanachoma kama jiko.

Kwa ninyi wa kwenye machimbo nina neno moja la pekee, na hapa sicheki. Mkebe ao chupa iliyowahi kubeba zebaki, usipande kitu ndani yake, wala usiuweke mahali watoto wanapochezea, hata ukiosha mara kumi. Na chumba mnamochomea dhahabu yenye zebaki si chumba cha kulala wala cha kupikia. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini ni sumu, zaidi kwa mama mwenye mimba na kwa watoto wadogo, nao unashika kwenye kuta na paa. Nimesikia wengine wakisema ukiweka maua ndani yatasafisha hewa hiyo. Si kweli. Baba, kachomee mbali na nyumba, mbali na watu. Maua uyaweke kwa sababu ni mazuri.

Ugomvi ulikuwa juu ya maji. Mzee mmoja aliniambia mbele ya kwaya nzima kwamba ni aibu kumwagilia majani wakati wasichana wanabeba bidoni kichwani kutoka mbali. Neno lake lilikuwa na haki ndani yake, sikulidharau. Nilikaa nikapiga hesabu. Mikebe yangu ni 10. Kila mmoja nusu kikombe kikubwa, yaani robo ya lita, kila siku ya pili. Hiyo ni lita mbili na nusu, bidoni moja ya lita 20 inamaliza siku 16. Lakini hata hiyo bidoni siichoti. Maji niliyooshea mchele, maji niliyooshea maharagwe, maji ya kusuuza sombe, hayo yalikuwa yanamwagwa uani, sasa yananyweshwa maua. Yasiwe na sabuni nyingi wala chumvi, basi. Na binti zangu nimewaambia wazi: hakuna atakayerudi mtoni kwa ajili ya ua. Kiangazi kikizidi, ua life, mtoto apumzike. Nyumba inayomchosha msichana ili dirisha lipendeze, mimi siwezi kuisifu.

Mwaka 2019, mwezi wa 7, Mama alitutoka. Mdogo wangu hakuweza kuja, karatasi zake hazikuwa tayari. Mnajua matanga ya kiangazi: vumbi, na maua ya plastiki ya sokoni. Maua yangu haya hayakatwi, ukiyakata yananyauka kabla sala haijaisha, kwa hiyo tulibeba mikebe yenyewe, yote 10, tukaipanga kandokando ya jeneza, mikebe ya maziwa na kutu yake. Kijana mmoja alishika simu ili aliye mbali aone. Mdogo wangu alilia, tukamwacha alie. Kisha akauliza: “Hayo maua mabichi mlitoa wapi na kiangazi hiki?” Nikamwambia: dirishani, kama wewe. Yule mzee wa neno la maji alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Kabla ya kuliinua aliinama, akasogeza mikebe pembeni mmoja mmoja kwa mikono miwili, usimwagike udongo.

Mtu mwingine atauliza kama ua lile la Chicago bado lipo. Lile lenyewe lilizeeka, lakini urujuani una siri moja nzuri: unakata jani pamoja na kikonyo chake, unakichomeka kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya miezi miwili hivi vitoto vinachomoza chini yake. Mdogo wangu amefanya hivyo kila mwaka. Sasa ana makopo sita. La saba alimpelekea mama mmoja wa Uvira aliyefika mwezi wa kwanza, theluji ikiwa mpaka magotini, akamwonyesha namna ya kuchovya kidole kwenye udongo kabla ya kutia maji.