Tusipime Akili kwa Mwandiko

Katika seminari ndogo, kijana hupimwa zaidi kwa anachoandika. Mwandiko ukiwa mbaya, upesi huitwa mvivu.

Tunaye kijana wa kidato cha pili anayejibu darasani kabla wenzake hawajaelewa swali. Hesabu huzifanya kichwani. Lakini insha zake hazikuzidi mistari mitano, herufi zikipanda na kushuka, maneno yakikatika katikati. Wastani wake ulipopungua chini ya kiwango, suala la kumrudisha nyumbani likafika kwenye kikao cha walezi. Tuliomba kwanza tumchunguze.

Tulianza na macho, yakaonekana mazima. Kisha tukampa swali la historia ajibu kwa mdomo, na jingine la uzito uleule ajibu kwa maandishi. Kwa mdomo alitoa hoja nane. Kwa maandishi, mbili. Pengo hilo ndilo la kutazama kwanza.

Baadaye alinakili sentensi taratibu, akanakili haraka, akaandika alfabeti kwa kumbukumbu, na mwisho akaandika mawazo yake mwenyewe. Nchini Uingereza kipimo kiitwacho DASH hutumia kazi za namna hii. Kunakili taratibu aliweza. Kwenye alfabeti alisita mara kwa mara, kana kwamba kila herufi anaitafuta upya. Hapo tukaelewa: nguvu inayopaswa kwenda kwenye hoja ilikuwa inaishia kwenye herufi. Wataalamu huliita tatizo hili disgrafia. Sisi si wataalamu, hivyo karatasi zake tulizipeleka kwa mwalimu wa elimu maalumu, pamoja na maelezo ya wazazi.

Waseminari wanajua kwamba Mt. Tomaso wa Akwino aliitwa na wenzake ng'ombe bubu. Wachache wanajua kwamba mwandiko wake ulikuwa hausomeki. Kurasa alizoandika kwa mkono wake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Vatikano, na wasomi huzisoma kwa taabu. Kazi zake nyingi aliwasomea makatibu, wao wakaandika. Hatusemi alikuwa na disgrafia. Tunasema tu kwamba Kanisa lingepata hasara kubwa kama angepimwa kwa herufi zake.

Kijana wetu amebaki. Majaribio mengine hujibu kwa mdomo, huongezewa muda, na nukuu za ubaoni hupewa zilizochapwa. Kwa mtihani wa taifa, mkuu wa shule ameanza mapema kuulizia utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu.

Ndugu mzazi, ndugu mlezi, ukiwa na mtoto anayesema vizuri na kuandika vibaya, usianze na fimbo. Mwulize swali moja kwa mdomo, kisha mwambie aliandike jibu hilohilo. Ukiona tofauti kubwa, mtafutie msaada. Wito hauji kwa wenye mwandiko mzuri peke yao.