Mashindano ya Ngoma na Watoto Wetu

Katika mambo wanayoyapenda vijana wa shule, ni machache yawezayo kushindana na ngoma. Mwanafunzi asiyeamka kwa kengele huamka mwenyewe kukiwa bado giza, akijua kuwa ni siku ya mazoezi. Kwa sababu hiyo naona ni haki wazazi, pamoja na wote wanaoajiriwa kufundisha ngoma, wayajue mashindano haya vyema kabla mtoto hajafungwa njuga miguuni. Mimi nimewafundisha wasichana ngoma kwa miaka kadhaa katika shule moja upande wa Kakamega, na mengi niliyoyajua sikuyapata katika chuo nilichosomea ualimu.

Wako wasemao kwamba mashindano yaliletwa na shule. Sivyo. Katika pwani yetu watu walishindana kwa ngoma tangu zamani, mtaa kwa mtaa. Ngoma ya beni, iliyozuka huko katika miaka ya 1890 na kuiga gwaride la askari na tarumbeta zao, iligawa watu katika vyama viwili viwili, kila chama kikitafuta kumpita mwenzake kwa mavazi na kwa karamu. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Lakini hakimu wa mashindano yale alikuwa ni umati wenyewe. Shule ilipoingia ilileta jambo jipya, nalo ni mwamuzi aketiye mezani na karatasi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ndilo lililotuzoesha desturi hiyo, na vikundi hupanda humo ngazi kwa ngazi mpaka mashindano ya taifa.

Ngoma yetu sisi ni isukuti, ya Waisukha na Waidakho. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Jina lake latokana na ngoma zenyewe, ambazo ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Huandamana na pembe ya swala na vyuma vya kulizwa, huku kiongozi mmoja akianzisha wimbo na safu za wachezaji zikimwitikia. Huchezwa mtoto azaliwapo, huchezwa arusini, na huchezwa mazikoni.

Kufundisha ngoma hiyo tulimwomba mzee mmoja wa jirani. Alipotambua kuwa wasichana ndio watakaozipiga ngoma alinyamaza kitambo, maana kwa desturi aliyoijua yeye kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Kisha akasema, “Mwalimu, mwenye mkono nitamfundisha. Asiye na mkono, hata akiwa mwanamume, simtaki.” Siku ya pili akaniuliza kama watazamaji wangeruhusiwa kuingia uwanjani na kucheza. Nikamjibu, “La, Mzee, hawaruhusiwi.”

“Basi nani atajua kama ngoma imekolea?”

Nikamwambia kwamba yuko mwamuzi, naye ataandika. Alicheka sana, wala sikuona alichekea ujinga.

Swali lile laeleza kwa ufupi lile ambalo mzazi na mkufunzi hawana budi kulijua. Mwamuzi si mchawi. Hukaa mahali pamoja, huitazama ngoma kutoka mbele, na hupewa dakika chache tu. Aweza kupima kama miguu inakwenda na mdundo, kama maneno yanasikika, kama mavazi yanafaa na kama wachezaji wametumia jukwaa vizuri. Hawezi kupima kama wimbo ule ungemfariji mfiwa saa nane za usiku. Kwa hiyo ngoma iliyozoea kuzungukwa na watu hugeuzwa uso mmoja, na wimbo uliozoea kukesha hukatwa ukubwa wa kibao cha saa. Sisemi kwamba hayo ni mabaya. Nasema kwamba mtoto aambiwe mapema kuwa alama zinapimia sehemu tu ya ngoma, ili asirudi nyumbani akidhani kwamba babu zake walishindwa.

Kuna wakufunzi wa kukodiwa wanaojua sana jinsi ya kumpendeza mwamuzi. Mmoja alikuja kwetu akataka wasichana wabiringike na kupanda mabegani, eti shule iliyoshinda mwaka uliotangulia ilifanya vivyo hivyo. Mzee aliuliza jambo hilo lina maana gani katika isukuti, naye akakosa jibu. Mkufunzi anayekosa jibu la swali kama hilo ni ghali, hata akikubali kufanya kazi bure.

Na tukitaja ughali, tuseme habari ya fedha. Mwaka ule msichana mmoja wa kidato cha pili alichaguliwa apige ngoma ndogo. Barua ya mchango wa mavazi, chakula na mafuta ya basi iliandikwa na ofisi ya shule baada ya kuchaguliwa kwake. Mama yake, ambaye huuza mboga sokoni, alikuja na barua ile mkononi akanisalimu kwa adabu, kisha akasema, “Mwalimu, kwetu nyumba yenye arusi ndiyo inayowalipa wapiga isukuti. Imekuwaje hapa mpigaji ndiye alipaye?”

Sikuwa na jibu la kumshinda. Na zaidi ya hayo, alikuwa amekwisha kubanwa. Angekataa, bintiye angeondolewa mbele ya wenzake, hali amekwisha kuisikia furaha ya kuchaguliwa. Angekubali, wadogo zake wangelala njaa siku kadhaa. Mzazi hapaswi kuwekwa njia panda ya namna hiyo. Nilikwenda kwa mkuu wa shule, tukasema mengi, na mwishowe tukaamua kwamba sketi za katani tutazifuma wenyewe, na kwamba tangu hapo jumla ya gharama itasomwa mkutanoni kabla ya mtoto yeyote kuchaguliwa. Msichana yule alisafiri. Mama yake alileta mafungu mawili ya sukuma wiki kuwa mchango wake, nayo yalipikwa.

Liko na jambo la mwili. Mtoto anayefanya mazoezi kabla ya masomo na tena baada ya chakula cha jioni husinzia darasani, na goti lililovimba halitibiwi kwa kuambiwa “jikaze.” Fimbo nayo isitajwe kabisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya kikatili kwa mwanafunzi, iwe ya mwili au ya akili, na sheria hiyo haikomi kwenye mlango wa ukumbi wa mazoezi. Matusi pia yamo.

Tena kuna ngoma ambazo hazikuzaliwa kwa ajili ya macho ya kila mtu. Chakacha ya pwani ilikuwa ya wanawake, ikichezwa arusini baina yao. Leo wasichana, na hata wavulana, huicheza jukwaani mbele ya mamia ya watu, kila mmoja ameinua simu. Picha ya msichana wa miaka kumi na mitano akitikisa kiuno huweza kufika mbali kuliko kombe lolote, nayo haiitwi ikarudi. Mzazi ana haki ya kuyaona mavazi na kuitazama ngoma nzima kabla ya safari. Mkufunzi anayechukizwa na ombi hilo asikabidhiwe mtoto.

Siku ya mashindano tulikuwa wa tatu, na waliosonga mbele ni wawili. Ndani ya basi wasichana walilia, na mtu mzima mmoja akaanza kunong'ona kwamba tumeibiwa. Nilimwomba anyamaze. Siku ya pili niliwasomea karatasi ya mwamuzi neno kwa neno. Alikuwa ameisifu ngoma ndogo, akaandika kwamba sauti ya kiongozi wa wimbo ilimezwa na ngoma kubwa. Kimya kiliingia. Kisha kiongozi mwenyewe akasema, “Ni kweli, Mwalimu. Hata mimi sikujisikia.” Kutoka hapo mazungumzo yakawa ya kazi: nani asimame wapi, na ngoma kubwa ipunguzwe lini. Maneno ya kuibiwa hayangewapa hata nusu ya hayo.

Shule nyingi, mashindano yakiisha, hutia ngoma stoo pamoja na madawati mabovu mpaka mwaka mwingine. Mzee wetu alikataa. Ngozi ya kenge, alisema, isipopigwa hufa. Basi kila Ijumaa jioni ngoma hutolewa nje, na wasichana wasiochaguliwa hupiga sawa na waliochaguliwa, bila mwamuzi wala saa. Wengine hawajui kupiga hata kidogo. Juzi mzee alikuwa akipita njiani, akasimama nje ya ua akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akaniita. Nilidhani ana sifa za kutoa. Aliniambia kwamba ngoma ya kati imelegea, iwekwe juani.